Karatasi Haikutaja Mtu

Swali ninaloliandika hapa ni fupi, lakini nimeona limevunja nyumba za watu: mume na mke wakikosa mtoto, na hospitali ikasema sababu haionekani, je, tuna haki ya kumtafuta mwenye kosa? Na kama hatuna haki hiyo, kwa nini kila mara tunampata, na kila mara ni mwanamke?

Nafundisha biolojia kwenye sekondari hapa Nyarugusu, kwa programu ya Kongo. Kwa sababu hiyo watu huniletea karatasi za hospitali niwasomee. Sipendi kazi hiyo, na kabla sijapokea karatasi nasema wazi kwamba mimi si daktari. Lakini daktari alikuwa na foleni mpaka nje, karatasi imeandikwa Kiingereza, na mwenye nayo anajua Kibembe, Kifaransa kidogo na hiki Kiswahili chetu cha Fizi. Basi nasoma. Na nimegundua kwamba neno gumu kuliko yote kulitafsiri si jina la ugonjwa. Ugonjwa una jina, mtu analibeba kwenda nalo. Neno gumu ni lile linalosema vipimo vimefanyika na sababu haikuonekana. Nikilisoma, watu wananyamaza kidogo, halafu mzee mmoja anauliza: "Sawa Mwalimu. Sasa ni bibi ama ni bwana?"

Karatasi haikutaja mtu. Imetaja mwisho wa vipimo. Lakini sisi tunasikia hukumu ambayo jina limeachwa wazi ili tulijaze wenyewe.

Tuangalie kwanza lugha yetu. Kitenzi cha Kiswahili hakijali mwanamume wala mwanamke. Baba wa watoto saba husimama kanisani akasema "nimezaa watoto saba" na hakuna anayecheka. Watoto wakiwepo, kuzaa ni kwa wote wawili. Wasipokuwepo, kitenzi kinabakia kwa mmoja: "bibi yake hazai." Sijasikia hata siku moja kwenye bomba la maji mtu akisema "bwana yake hazai." Maneno tasa na mgumba nayo kwa sarufi ni ya yeyote, lakini yataje gizani na kila msikilizaji ataona sura ya mama. Kwa hiyo kabla hospitali haijapima kitu, lugha imeshapima.

Shirika la Afya Duniani linasema ni ugumba pale watu wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isiingie. Mwaka 2023 lilitoa hesabu kwamba karibu mtu mmoja kati ya 6 duniani hupatwa na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Upande wa mwanamume una mchango katika karibu nusu ya kesi zote, ama peke yake ama pamoja na upande wa mwanamke. Nusu. Nikiandika neno hilo ubaoni wavulana wa kidato cha juu wanainama. Halafu kuna wale ambao vipimo vya kawaida vyote viko vizuri: yai linapevuka, mirija iko wazi, mbegu zinatosha na zinaogelea, na bado hakuna mtoto. Hao hukadiriwa kuwa kati ya 15 na 30 kwa kila watu 100 wanaotafuta matibabu. Si wachache hata kidogo.

Ndani ya fungu hilo kuna jambo ambalo naona linatufundisha zaidi ya biolojia, nalo ni habari ya mfumo wa kinga. Niruhusuni nilieleze kwa lugha ya hapa, kwa sababu sisi tunaijua habari ya kuandikishwa kuliko watu wa vyuo vikuu.

Mwili hujifunza mapema sana, mtoto akiwa tumboni na mara baada ya kuzaliwa, nani ni wa nyumbani na nani ni mgeni. Ni kama uhakiki: seli za kinga zinapita, zinaandika, zinafunga daftari. Sasa mbegu za kiume zinaanza kutengenezwa kijana anapobalehe, miaka mingi baada ya daftari kufungwa. Zinazaliwa ndani ya nyumba yake lakini hazimo kwenye orodha. Mwili unatatua shida hiyo kwa ukuta: ndani ya korodani seli zinazoitwa za Sertoli hushikana sana, zikatenga mbegu na damu, ili askari wa kinga wasikutane nazo. Ukuta huo ukivunjika, kwa pigo, kwa korodani kujinyonga, kwa maambukizi au kwa upasuaji, askari wanaingia, wanakuta wasiokuwa na kadi, wanatengeneza kingamwili dhidi yao. Mwenye nyumba anawafukuza watoto wake mwenyewe. Wanaume waliofunga uzazi kwa upasuaji wanalijua hili zaidi: zaidi ya nusu yao hupata kingamwili hizo.

Jambo hili si geni. Mwishoni mwa karne ya 19 Landsteiner na Metchnikoff walionyesha kwa wanyama kwamba mwili unaweza kutengeneza silaha dhidi ya mbegu za kiume. Mwaka 1954 Rümke na Wilson, kila mmoja kivyake, waliandika kuhusu wanaume wasiopata watoto ambao damu yao ilikuwa na kingamwili dhidi ya mbegu zao wenyewe. Kingamwili zikizifunika mbegu, zinagandamana, au zinatikisika mahali pamoja kwenye ute wa mlango wa kizazi bila kwenda mbele, au zinafika kwenye yai na kushindwa kulishika. Na hapa ndipo penye funzo: kwenye kipimo cha kawaida cha manii mbegu hizo zinaweza kuhesabiwa na kuonekana nyingi na nzuri. Kingamwili zina kipimo chake cha pekee. Mbegu zinachanganywa na vipunje vinavyozishika kingamwili, kisha chini ya hadubini unahesabu ni ngapi zinazotembea zimebeba vipunje. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 uliweka mstari kwenye 50 kwa kila 100. Maabara nyingi ndogo hazikifanyi kipimo hicho. Kwa hiyo mwanamume anayerudi na karatasi iliyoandikwa "kawaida" na kuipeperusha mbele ya wakwe kama cheti cha ushindi, ameshinda kesi ambayo bado haijasikilizwa. Tena wako wanaume wenye kingamwili hizo na wana watoto, maana ni suala la kiasi. Hata kukuta kitu si sawa na kukuta sababu.

Upande wa mwanamke nako kuna ajabu yake. Mwaka 1953 Peter Medawar, Mwingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1960, aliuliza: mtoto tumboni nusu yake ni ya baba, yaani nusu ni mgeni, sasa kwa nini mwili wa mama haumkatai kama unavyokataa ngozi ya mtu mwingine ikishonewa juu yake? Majibu yanaendelea kuja mpaka leo, na moja limetoka mahali ambapo watu hawakutazamia. Kule Adelaide, Australia, Sarah Robertson na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba manii si maji ya kubebea mbegu tu. Yamejaa prostaglandini na protini kama TGF-beta, ambazo zinafanya seli nyeupe za mama zikusanyike kwenye mlango wa kizazi, na kwa panya zinaongeza zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kutuliza wenzao: huyu anayekuja, mwacheni. Panya dume waliotolewa tezi zinazotengeneza maji hayo, majike yao walishika mimba kwa shida zaidi. Kwa binadamu bado ni utafiti, hakuna dokta wa kawaida atakayekupima hilo. Lakini fikiri maana yake. Baba anatoa mbegu na pia anatoa barua ya utambulisho, na mwili wa mama unaisoma. Mambo yakiharibika hapo, uharibifu uko kwa nani? Kwa aliyeandika ama kwa aliyesoma?

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike makala hii, kwa sababu niliwahi kuitwa kwenye kikao ambacho hakikuwa na nafasi yake. Kikao kilikuwa cha familia mbili. Ndoa ya miaka sita, hakuna mtoto. Upande wa bwana walitaka mambo mawili: ama mali irudi, ama bibi akubali mwenzake aletwe. Mali yenyewe ilitolewa hapahapa kambini, fedha kidogo kidogo za biashara ya sabuni, si ng'ombe. Bibi alikuwa amepimwa kila kitu kilichopatikana, hata ile picha ya kupitisha dawa kwenye mirija, ambayo inauma na ambayo ilimlazimu kuomba kibali cha kutoka kambini. Bwana alikuwa hajapimwa. Mjomba wake alieleza kwa utulivu kabisa: "Mwalimu, huyu kijana iko na nguvu. Hana shida ya unyumba. Apime nini?"

Hapo ningeweza kujibu kwa biolojia tu, na nilijibu: nguvu za unyumba na mbegu ni vitu viwili. Lakini kosa la mjomba halikuwa la biolojia. Yeye alikuwa anatumia neno "haijulikani" kwa mambo mawili tofauti. Kuna kisichojulikana kwa sababu tulitafuta tukafika mwisho. Na kuna kisichojulikana kwa sababu mtu amekaa juu ya mlango. Cha kwanza ni hali ya dunia, hakina mwenyewe. Cha pili kina mwenyewe. Anayekataa kupimwa na kisha akadai kwamba sababu haijulikani anafanya kama mtu aliyezima taa kisha akalalamika giza, na mbaya zaidi anamwacha mwenzake apigwe humo gizani. Naona kwamba mtu anayetaka kumhukumu mwingine ana deni la kutafuta kwanza, na deni hilo linaanzia kwenye mwili wake mwenyewe.

Nataka niwe wa haki kwa wanaume, maana nami ni mmoja. Kupima mbegu ni kikopo tu, hakuna sindano. Lakini kikopo hicho unapewa mbele ya vijana wanaokujua, unaelekezwa choo cha nyuma, na mchungaji wako amekufundisha tangu utoto kwamba unachotakiwa kufanya humo ni dhambi. Ukitoka, unabeba kitu mkononi ambacho kila mtu anajua ni nini. Aibu hiyo ni ya kweli. Ila nikiiweka kwenye mzani pamoja na miaka sita ya kuitwa tasa, sioni inazidije. Na huduma inayompima mwanamke mara nne kabla ya kumwita mwanamume mara moja, hiyo nayo inashiriki kwenye hukumu, hata kama kila mfanyakazi wake ana moyo mzuri.

Lakini kwenye kikao hichohicho nilishtuka kwa upande wa pili. Nilipoeleza kuhusu nusu, na kuhusu kingamwili, shangazi wa bibi aliruka: "Basi! Ni yeye! Tangu zamani nilisema ni yeye!" Alipiga makofi. Na mimi nikaona kwamba maelezo yangu yote yamefanya kazi moja, kuhamisha jiwe kutoka kichwa kimoja kwenda kingine. Sivyo. Tuseme kijana amepimwa na kingamwili zimekutwa. Alizichagua? Labda alipigwa teke kwenye mpira akiwa na miaka 15, labda aliumia njiani wakati watu wanakimbia. Kuwa chanzo cha jambo si kuwa na hatia ya jambo hilo. Kiswahili kina maneno mawili kabisa, sababu na kosa, lakini vikao vyetu vinayachanganya: tunauliza "kosa ni la nani" kwa kitu ambacho hakuna mtu alikikosea. Malaria hatuiulizi hivyo. Ninachokidai kwa wanaume si wabebe hatia ya wake zao. Nadai kwamba swali la hatia liondoke, lakini liondoke kwa wote wawili siku moja, si liondoke siku ile tu linapowafikia wao.

Mzee mwingine, mwenye busara, alijaribu njia ya tatu. Alisema: "Wazee wetu walijua. Walisema damu zao hazipatani. Sasa hata sayansi imekubali." Maneno haya yalipendeza kila mtu, maana hayamtukani yeyote. Mimi hayakunipendeza. Kwanza watu wengi wakisema damu hazipatani wanafikiria makundi ya damu, ile Rhesus, ambayo haizuii mimba kuingia. Shida yake ni ya mama mwenye Rhesus hasi na watoto wanaofuata. Pili, kingamwili alizonazo mwanamume dhidi ya mbegu zake hazikai kwenye ndoa, zinakaa kwake. Atazibeba kwenda kwa bibi wa pili na wa tatu. Tatu, hili ndilo linaloniuma, "hawapatani" ni neno laini lenye kazi ngumu: linafungua mlango wa mwanamke kurudishwa kwao bila mtu yeyote kujisikia vibaya. Na wakati wote huo ukweli ni kwamba wengi wa wale ambao sababu haikuonekana, hasa mama akiwa bado kijana na miaka ya kungoja si mingi, hupata mimba bila matibabu yoyote. Karatasi ile haisemi "haiwezekani." Sisi ndio tunaoiharakisha.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi kwa sababu kwetu ni kama hadithi. Zamani walijaribu kutuliza kinga kwa vidonge vikali vya steroidi. Madhara yalikuwa mengi na faida ya mashaka. Mbegu huweza kusafishwa na kupandikizwa kwenye mfuko wa uzazi. Tangu mwaka 1992, ilipoanzia Brussels, kuna njia ya kuchukua mbegu moja na kuichoma ndani ya yai, na hapo kingamwili nyingi hazina tena pa kuzuia. Ni fedha ambazo hata Watanzania wengi hawana, na mkimbizi anahitaji kibali kwanza hata kulifikia basi.

Kuna watu, wengine wamevaa fulana za mashirika, wanaoniuliza kwa upole kama kweli ugumba ni shida ya kambini, penye watoto wengi hivi. Nawaelewa. Kile kifurushi cha kwanza cha huduma za uzazi wakati wa dharura kinahesabu ubakaji, virusi, vifo vya mama na mtoto, mimba zisizotakiwa. Ugumba haumo, na kwa wiki za kwanza za dharura nakubali usiwemo. Lakini Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Dharura gani hii yenye wajukuu? Na ile hati ya mkutano wa Cairo wa mwaka 1994, ambayo mashirika hayo yanaisimamia, inataja kuzuia na kutibu ugumba kuwa sehemu ya afya ya uzazi. Uwingi wa watoto wa jirani haujawahi kumpa mtu mtoto. Tena sisi tunahesabiwa vichwa kila kitu: mgao wa watu wawili ni mgao wa watu wawili, na kila mwezi kwenye foleni mama yule anaonekana amebeba mfuko mdogo. Wengine kati yetu tuliacha ndugu bila makaburi. Anayetaka mtoto hapa mara nyingine anataka pia mahali pa kuweka jina. Sisemi hilo linampa haki juu ya mwili wa mtu mwingine. Nasema si anasa.

Limebaki jambo moja ambalo sijalimaliza kichwani. Wako wanawake hapa, nami nawajua zaidi ya mmoja, ambao wanajua shida iko kwa bwana, na wananyamaza. Wanabeba jina tasa miaka na miaka ili jina lake lisiguswe. Kanisani tunauita huo upendo. Je, ni upendo, au ni mali inayochukuliwa kwa mtu kimyakimya? Naona siri ya mwili wa mwanamume ni yake. Hakuna shangazi wala baraza wala mwalimu wa biolojia mwenye haki ya kuifungua, na mke akiitunza anatunza kitu kizuri. Lakini siri ni kunyamaza juu yangu mimi. Nikiwa nimeketi pale, mke wangu anatajwa, nami nashika kikombe cha chai na kutazama chini, hapo siri imeshageuka, inasema uongo kwa mdomo wa watu wengine.

Mwanamume mmoja wa makamo, jirani, alipata njia yake. Sikuuliza karatasi yake ilisema nini na yeye hakuniambia. Dada yake alikuja kutoka zone nyingine, akaanza yale maneno ya kawaida kwa mafumbo, bibi akiwa jikoni anasikia. Jirani akamwambia: "Dada, hilo jina, ukitaka kuliita, uniite mimi." Dada alinyamaza, kisha akauliza bei ya mihogo sokoni wiki hii ni ngapi.